Daktari Aliyejua Sababu ya Kila Kitu

Ifikapo tarehe 30 Juni, Dk. Nazih Sharabasi atakuwa ameitumikia wodi yetu ya magonjwa ya akili hapa Aleksandria kwa miaka thelathini na mitatu, naye atastaafu. Muda wote huo alitufundisha kwamba mtu ni nyama, umeme kidogo, na makosa ya baba yake. Roho aliitafuta kwa kila kipimo, asiione. Kwa adabu, hatukumwuliza kama wivu aliwahi kuuona kwenye eksirei.

Mimi, muuguzi mkuu wake, nilinufaika sana na elimu hiyo. Nilipofunga Ramadhani aliniambia najiadhibu. Nilipofuturu kwa maziwa na tende, akasema namtafuta mama yangu.

Mafanikio yake makubwa ni Bi Inshirah, fundi cherehani, ambaye ameniruhusu nimtaje. Alimsingizia dada yake mkubwa uzinzi, dada akaachwa na mumewe. Tangu hapo Inshirah hakupata usingizi. Daktari alimtibu miaka miwili.

“Hatia hiyo ni sauti ya baba yako,” alimweleza.

“Baba alikufa nikiwa mchanga, daktari. Hakuwahi kunikemea.”

“Ndiyo hasa.”

“Lakini mimi nimemdhulumu dada, si baba. Nani atanisamehe?”

“Hakuna wa kusamehe, mama. Kuna wa kuelewa tu.”

Inshirah akaelewa, akapanda gari kwenda Damanhur kwa dada yake. Aliachwa mlangoni mpaka alasiri. Kisha dada akafungua. “Sijakusamehe,” akamwambia. “Ila ingia, jua kali.” Usiku ule Inshirah alilala. Daktari akaandika kwamba tiba yake imefaulu, na tukampigia makofi.

Msimu wa baridi uliopita, Hosni, mdogo wake daktari, alipooza upande mmoja huko kwenye mji wa Rashid. Walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya mama yao, ambayo daktari hakuhudhuria. Alikuwa kwenye kongamano, akitoa mada juu ya huzuni. Siku habari za Hosni zilipofika, daktari alinifuata stoo ya shuka, akafunga mlango.

“Wagida, yule mama aliyekwenda Damanhur alianzaje pale mlangoni kwa dada yake?”

“Alisema, ‘Nilikusingizia.’”

“Bila kueleza sababu?”

“Bila.”

Alikaa juu ya furushi la shuka. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, nimeyahifadhi miaka, nikayameza. Kesho yake alikwenda Rashid. Alichosema huko hajatuambia. Tunajua tu kwamba Hosni alilia, kisha akamwambia kaka yake kwamba amezeeka vibaya.

Sasa anahamia huko kumuuguza. Kwenye karamu ya kumuaga, daktari mwenzake alimwuliza, kitaalamu, nini hasa kinachomsukuma.

“Hosni hawezi kujiogesha,” akajibu, akaomba kipande kingine cha keki ya basbusa.

Ahsante, daktari, kwa subira yako kwetu sisi wenye roho. Tunakutakia maisha mema Rashid. Na Mungu, ambaye hujawahi kumwona kwenye kipimo, akupe nguvu za mikono.