Sista Mwanahija Hapasuliwi Bila Kusalimiwa

Baada ya miaka thelathini na sita kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali yetu hapa Lindi, Sista Mwanahija Ridhiwani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Labda miguu yake tu ndiyo itakayofurahi.

Alikuja kutoka Milola mwaka 1989, na sanduku moja na mdomo usionyamazishwa. Sheria yake moja tuliijua wote kwa kukaripiwa: hakuna kushika kisu kabla hujamsalimia mgonjwa angali macho. Daktari Jerome, bingwa wetu wa upasuaji, siku yake ya kwanza aliingia kimya kama anayeingia stoo. Sista akamtoa nje, akamwambia aingie upya na shikamoo yake, maana aliyelala pale ni baba wa watu.

Mwaka juzi kibao kikageuka. Sista akagundulika na saratani, mwisho kabisa wa utumbo mpana. Hakuogopa kisu, aliogopa kuishi na mfuko wa haja tumboni maisha yake yote. Sehemu ile ni finyu, mkono wa binadamu haugeuki vizuri, hivyo akapelekwa India, kwenye roboti yenye mikono myembamba inayopinda kila upande. Majirani zake wa Mitwero walimlilia kwamba anakwenda kukatwa na mashine. Akawaeleza kwa subira kwamba roboti haijiamulii kitu. Daktari ndiye anayeiongoza.

Subira hiyo iliishia uwanja wa ndege. Siku ya upasuaji, bingwa wa kule alikwenda moja kwa moja kuketi kwenye mitambo yake, hatua kadhaa kutoka kitandani. Sista akakataa nusukaputi. Mkalimani alipofikisha ujumbe, bingwa akainuka, akaja, akamshika mkono, akatamka shikamoo aliyofundishwa papo hapo, ingawa huenda walikuwa rika moja. Sista akaitikia marahaba, akalala.

Uvimbe ulitoka wote, alhamdulillahi. Mfuko alikaa nao miezi mitatu tu ili utumbo upone, kisha ukaondolewa, naye akarudi kazini kutukaripia. Tulilia kwa furaha, na Daktari Jerome alituzidi sote.

Sista, asante kwa kutufundisha kazi pamoja na adabu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasikivu. Mwezi Agosti utakapokuja kupimwa tena, usiwe na hofu. Hatutagusa hata faili lako kabla ya shikamoo, na Daktari Jerome ameomba awe wa kwanza.

Veronika Klementi, kwa niaba ya wenzako wa chumba cha upasuaji