Lenzi ya Kulia ya Mzee Shen

Nje ya mgahawa wa tambi hapo Danyang, mji wa mafundi miwani, pana benchi ambalo wapaka utando wa kukinga lenzi wamelifanya kijiwe chao. Asubuhi hiyo Peizhi alikuwa amekaa katikati, tambi zimempoa bakulini. Alikuwa amemtengenezea miwani Mzee Shen, baba yake Ruolan, akitumaini mzee atakubali kumwoza binti. Jana jioni akampelekea; miwani ikalala kwa mzee ndani ya kasha, hakuna aliyeigusa, na kulipokucha utando wa lenzi ya kulia umepasuka wenyewe na kuanza kubanduka. Mzee akatuma ujumbe kwamba anakuja kijiweni.

— Lenzi haikuoshwa vizuri, alisema Sabuni, mwosha lenzi wao. Mafuta ya vidole hayo.

— Si uliziosha wewe, Peizhi akamkumbusha.

— Basi siyo mafuta.

Tanuri, mwenye mashine ya kupaka, akamimina chai.

— Sikilizeni. Utando unatua ukiwa wa moto. Ukipoa unataka kunywea, lenzi inaukatalia. Mvutano unabaki humohumo ndani, kimya kimya, mpaka siku unapasuka.

— Unamvuta nani? Sabuni akauliza.

— Unajivuta wenyewe.

— Ndani ya kasha, hakuna mtu?

— Ndiyo.

— Huo una mashetani, kaka. Au Ruolan keshabadili mawazo, miwani imewahi kujua.

Peizhi hakucheka. Alikuwa haelewi chochote na anaogopa kila kitu. Kitu kimeshikana vizuri jioni, asubuhi kimejiachia, wa kulaumiwa hayupo. Sasa mzee atamwambia nini?

Mzee Shen akatokea na miwani yake usoni, jicho la kulia kalifumba. Wakampisha, akakaa.

— Hii ya kushoto nzima kabisa. Uliifanyaje?

Peizhi akainamisha kichwa kwa aibu.

— Dawa ya utando iliniishia, mzee wangu. Ya kulia niliipaka utando mnene, kwa heshima yako. Ya kushoto ikapata kidogo tu. Nilipanga kukuomba radhi.

— Kwa hiyo uliyoikirimu imebanduka, uliyoibania imeshika.

— Utando ukiwa mnene, nguvu ya kujibandua nayo inaongezeka, mzee, Tanuri akadakia.

Mzee Shen akavua miwani, akaiweka kando ya bakuli la tambi.

— Na binti yangu utampenda kwa unene gani?

Peizhi akamtazama Tanuri. Tanuri akamtazama Sabuni. Sabuni akainua birika ammiminie mzee, kumbe chai imekwisha.