Norah Namutebi, Fundi wa Nje ya Geti

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, Malakia, Mangateen, Amarat, na wewe uliyelala chini ya gari huku redio imening'inia kwenye kioo cha pembeni. Mimi ni Achol. Leo msitarajie sauti ya kilio. Nililia wiki iliyopita nikamaliza. Leo nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Tunamkumbuka Norah Namutebi. Fundi magari. Mzaliwa wa Masaka, Uganda, mkazi wa Juba kwa miaka kumi na sita. Ametutoka Jumanne ya wiki iliyopita, kwa kiharusi, akiwa na miaka arobaini na minne. Narudia kwa wanaofungua redio sasa hivi: Norah Namutebi, fundi magari, ametutoka.

Wengi mlimjua kwa sauti kabla ya sura. Mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, ovaroli iliyokunjwa miguu mara tatu. Alibishana na injini, alibishana na wachungaji, alibishana na bei ya nyanya. Mume wake, Dunstan, ambaye ni mpishi katika hoteli moja pale Hai Amarat, ameniambia hivi: "Nilimuoa kwa sababu alinishinda kwa maneno. Nikafikiri akishaolewa atapumzika. Wapi!"

Ufundi aliupata kwa baba yake. Mzee alikuwa na gereji Masaka, na nyumbani hapakuwa na mtoto wa kiume, basi spana akashikishwa Norah. Alipofika Juba aliuza matoke kwanza, mwaka mzima, huku akienda kila wiki kuomba nafasi kwenye gereji moja kubwa ya Malakia. Mwenye gereji ni Norman, Mganda mwenzake. Kila wiki Norman alicheka. Mwishowe alichoka kucheka, akampa kipembe kando ya ukuta wa choo. Hapo Norah akasafisha nozeli. Miaka ikapita, akapewa breki. Ikapita mingine, akapewa klachi. Lakini ekseli ya mbele, hapana. Mafundi kumi na mmoja, wote wanaume, walisema ekseli ya mbele ni kazi ya wanaume.

Norah akawajibu kwa Kiswahili chake kile cha Uganda: "Hiyo ekseli iko najua kama mimi ni mwanamke?"

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka jana, mwezi wa sita, mvua zikinyesha.

Kuna dada anaitwa Akur, anakaa Mangateen. Alilelewa Nakuru, akarudi nyumbani, akanunua hapa hapa Juba pikapu ya fowili, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, na yeye mwenyewe ndiye dereva. Anapeleka watu na mizigo njia ya Kajo Keji, ile ya milima, ambapo upande mmoja ni ukuta wa mawe na upande wa pili ni hewa tupu. Siku hiyo gurudumu la mbele liliingia shimo ndani ya maji. Bomba la ekseli likapinda. Pikapu ikaletwa Malakia ikivutwa kwa kamba. Akur akampita Norman, akawapita mafundi kumi na mmoja, akasimama mbele ya ukuta wa choo.

"Norah, hii gari ndiyo inanilisha," alisema. "Mimi nataka mkono wako wewe. Hawa wengine waache."

Basi Norah akapata ekseli yake ya mbele. Na hapo hapo, wasikilizaji wapendwa, akakosea. Mimi simpambi mtu kwa sababu amekufa. Alikosea.

Alimpigia simu binamu yake Kampala amtafutie ekseli iliyotumika. Akataja gari, akataja mwaka, akataja kila kitu. Hakutaja usukani uko upande gani. Huku kwetu tunaendesha kulia, na usukani wa pikapu ya Akur uko kushoto. Uganda ni kinyume. Ekseli ilifika Jumatano juu ya lori la vitunguu, ikafunguliwa kwenye gunia mbele ya watu wote, na ule mkono wa chuma unaovutwa na usukani ulikuwa upande usio wake. Mafundi walicheka mpaka mama wa chai akaja kuuliza kuna harusi gani.

Angeweza kumsingizia binamu. Nani angejua? Hakumsingizia. Alisimama juu ya gunia akasema: "Banange, jamani, ni mimi nimekosa. Hapana Kampala. Mimi. Kichwa yangu bado iko naendesha kushoto. Cheka umalize, halafu tufanye kazi."

Kuany, mchomeleaji wa gereji, hakuwa mtu mbaya. Akaja na wazo. Tukate mkono, tuuhamishe upande wa pili, tuuchomelee. "Dakika arobaini tu, kalas, imekwisha," alisema. Norman akakubali. Mafundi wakakubali. Norah akakataa.

"Injini ikikufa, wewe nasimama," alisema. "Sitaringi ikikufa, wewe hapana simama."

Njia yake ilikuwa ndefu. Kufungua ekseli zote mbili, ya zamani na mpya, mpaka mwisho, beringi kwa beringi, kisha kuitoa mikono ya ile ya zamani, ambayo ilikuwa mizima, na kuifunga kwenye bomba jipya. Siku nne. Norman akasema siku zako hizo nne ni kiburi, mbona magari ya watu yanatembea na mikono iliyochomelewa? Akamwonyesha mmoja, wa gari jingine, kazi ya Kuany, umelala mezani.

Norah akautazama. Alikwenda sokoni akarudi na kikombe cha unga wa muhogo.

"Unapika?" wakamuuliza.

Aliupaka ule mkono mafuta ya taa. Akasubiri. Akaufuta kwa kitambaa mpaka ukakauka, kisha akaunyunyizia unga, kidogo kidogo. Wote wakainama. Juu ya unga ule mweupe ukatokea mstari mwembamba, umelowa, kama unywele. Mafuta yalikuwa yanatoka ndani ya ufa. Kuany akaufuta kwa kidole gumba. Akanyunyiza tena unga mwenyewe, kwa mkono wake. Mstari ukarudi. Kuany aliketi chini na siku hiyo hakuchomelea kitu kingine.

Mngedhani Norman angesema asante. Thubutu! Mtu mzima akiaibishwa mbele ya watu wake husema jambo moja tu, na jambo hilo huwa baya. Alisema: "Kuna magari ya shirika yanasubiri nafasi. Jumamosi jioni pikapu itoke hapa. Isipotoka, wewe na boksi lako la spana mtoke."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito, wasikilizaji. Kile kipembe cha ukuta wa choo, mnachoweza kukicheka, Norah alikuwa amekililia mwaka mzima. Bila kipembe hakuna gereji, na bila gereji ni kurudi kwenye matoke. Na gereji nyingine zote za mjini zilikuwa zimeshamkataa.

Dunstan ameniruhusu niseme hili, na alilisema akiwa ameinamisha macho. Alhamisi jioni, wakila, alimwambia mkewe: "Chomelea tu, Norah. Mara moja tu. Nani atajua?"

Norah akaweka chini sahani. "Akur nabeba watu kumi na mbili nyuma. Kuja, wewe nionyeshe kwa hao kumi na mbili, ni nani iko sawa akufe."

"Sikumaliza chakula," Dunstan ameniambia. "Mpaka leo ukiniuliza aibu ni nini, ni ile sahani."

Jumamosi ikafika. Upande mmoja ulikuwa umekamilika, upande wa pili umeshikizwa kwa bolti mbili. Siku moja na nusu tu alihitaji. Norman akatazama saa, akawaita vijana wanne, pikapu ikasukumwa nje ya geti, gurudumu moja likitaka Mangateen, jingine likitaka mtoni. Boksi la spana likafuata. Geti likafungwa.

Na Norah? Akajikung'uta vumbi. Akaweka jeki pale pale, hatua tano kutoka getini, akaingia chini ya gari.

Jumapili watu wakapita kwenda kanisani wamevaa vizuri, wakamwona miguu tu. Dada mmoja wa kwaya, Emma, akamuuliza amwambie nini mchungaji. Sauti ikatoka chini: "Mwambie mimi iko hapa. Mungu naniona vizuri tu, hakuna paa."

Jumatatu mchana alifunga nati ya mwisho. Akur akapiga stati, akakata usukani kushoto, akakata kulia, akaenda. Alhamisi akarudi kutoka Kajo Keji na makaa, na mbuzi, na watu kumi na wawili, wote wazima, wote wakilalamika tu juu ya mbuzi.

Norah hakuondoka pale. Alifunga turubai ukutani, kwa nje, akaendelea. Kila mteja wa Norman ilibidi ampite. Wengi hawakupita. Kufikia Krismasi magari sita yalikuwa kwenye foleni barabarani, na ndani ya geti mafundi wanacheza karata. Norman akatuma mtu amwite arudi ndani, atapewa nafasi nzuri, yenye sakafu. Norah akajibu: "Mwambie malesh, samahani. Huku nje iko na hewa."

Hakuna mwanamke aliyewahi kunifurahisha kama yeye siku ile.

Tuje Ijumaa iliyopita. Kabla mwili haujasafirishwa kwenda Masaka, ulipitishwa Malakia watu wamuage. Norman alikuwa ameondoa magari yote uani. Ameweka viti, ameweka kivuli, ameweka maji ya kunywa. Geti limefunguliwa wazi. Akamwendea Dunstan, akamwomba jeneza liingie ndani, jua ni kali.

Nilikuwa hapo, hatua mbili nyuma yao. Dunstan, mtu mpole yule, mpishi yule, alisema: "Mlimtupa nje juani akiwa hai. Anayetaka kumuaga, atoke."

Jeneza likawekwa chini ya turubai lake. Wa kwanza kuvuka geti alikuwa Kuany, kofia mkononi. Kisha wengine, mmoja mmoja, mpaka uwanja ukabaki na viti vitupu. Norman alitoka wa mwisho. Alisimama juani saa nzima ya maombi. Kuna aliyemletea mwavuli, akaukataa. Maombi yalipokwisha akamshika Dunstan mkono, akasema, "Nilimkosea."

"Yeye alikuwa hapa nje mwaka mzima," Dunstan alimjibu. "Ungemwambia."

Na mimi sina la kumsaidia Norman.

Kwa Dunstan, kwa binti yao Shallon aliyeko shuleni Masaka, kwa mama mzazi ambaye amemzika mtoto aliyepaswa kumzika yeye, kwa Akur, na kwa mafundi wote wa Malakia, wa ndani na wa nje: poleni sana. Mungu ampumzishe Norah Namutebi, kama Norah atakubali kupumzishwa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Kama kuna mtu ulimfukuza kwa sababu alikataa kufanya kazi mbovu, unamjua, na unajua anakaa wapi. Mwendee leo, umwambie angali anasikia. Na wewe uliyefukuzwa, kama mikono yako ni safi, usiende mbali. Kaa pale pale wanapokuona.