Saa ya Jua ya Mzee Mwinyihaji

NAJIB: Haloo? Nani mwenzangu? Nambari hii siijui.

SAMIHA: Ni mimi, dadako. Nimeazima simu ya jirani, Mwanatabu. Yangu hupokei.

NAJIB: Aa, Samiha! Niko bandarini Kipevu, malori haya kelele— Baba hajambo?

SAMIHA: Hajambo. Ile saa yake ya jua uliyoichukua kutengeneza dira, imefika.

NAJIB: Alhamdulillahi! Umeona inavyong'ara?

SAMIHA: Nimeona. Ile aliyoachiwa na babu haikung'ara hata siku moja.

NAJIB: Si shaba? Ikisuguliwa—

SAMIHA: Baba kaiweka barazani juani, kama desturi. Kaniambia niigeuze mpaka sindano ya dira ilingane na mstari wa kaskazini. Nikaigeuza. Kisha akapapasa kile kibawa cha kutia kivuli.

NAJIB: Enhe?

SAMIHA: Kimesimama, Najib.

NAJIB: Kibawa kusimama si—

SAMIHA: Cha ile ya babu kimelala, karibu kishikane na sahani. Huku kwetu, karibu na ikweta, ndivyo kinavyolazwa. Hiki kimeinuliwa kwa jua la nchi za baridi. Saa tatu asubuhi, kivuli kiko kwenye saa mbili!

NAJIB: Haloo? Mtandao unakwaruza—

SAMIHA: Haukwaruzi! Ile ya babu umemuuzia nani?

NAJIB: Baharia mmoja. Lakini dada, macho ya Baba yale... nikasema, atajuaje?

SAMIHA: Macho hayaoni. Na vidole? Miaka arobaini kaadhini Jomvu Kuu kwa saa ile!

NAJIB: Siku hizi kila mtu ana saa kwenye simu—

SAMIHA: Basi ungeuza simu yako. Kairudishe!

NAJIB: Meli yake imeondoka jana.

SAMIHA: Jana!

NAJIB: Samiha? Baba kasemaje? Kanilaani?

SAMIHA: Laiti angekulaani! Watu wa msikitini wamekuja kuitazama. Wakamuuliza, "Mwinyihaji, imepona?"

NAJIB: Akasema?

SAMIHA: Kaikumbatia kifuani. Kasema, "Imepona. Mwanangu kaitengeneza vyema."

NAJIB: Subhanallah...

SAMIHA: Baba hajapata kuwadanganya watu saa, hata dakika moja. Leo kadanganya, kwa ajili yako. Nina uchungu nawe, wallahi—

NAJIB: N'takuja leo hii. Nimuombe radhi—

SAMIHA: Uje na nini mkononi? Salio la mwenye simu linakwisha. Njoo, au usi—

NAJIB: Haloo? Samiha? Haloo?