Jina la Fahali

Kuna jambo limenishinda kulijua mpaka leo: kama Nell Gair alikataa kukaa kwenye benchi letu, au alikuwa akingoja kukaribishwa. Kila asubuhi alivuka barabara kutoka kibanda chake cha chai, akatugawia vikombe, kisha akasimama palepale penye upepo akitusikiliza tukibishana hadi tumalize. Benchi lenyewe lilitengenezwa kwa mbao za boti ya zamani ya uokoaji, na mahali pa kuegemea pana kibao cha shaba chenye majina ya mabaharia walioondoka nayo kwenda kuokoa meli usiku mmoja wa theluji, mwaka wa kwanza wa Vita vya Pili vya Dunia. Jumatatu ninayoisimulia, kibanda kilikuwa kimefungwa. Nell alikuwa amefariki. Tulikaa bila chai, mikono ndani ya makoti, tukiangalia bahari ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, iliyokuwa na rangi ya risasi.

Tulikuwa wanne. Serahangi, nahodha mstaafu wa boti, ndiye aliyeshika ufunguo wa banda la boti na kutunza bendera. Profesa hakuwahi kufundisha popote, ila alisoma gazeti lote, matangazo ya vifo yakiwemo. Redio hakuwa na kitufe cha kuzima. Wa nne ni mimi. Hapa Hallowick mtu wa boti akifa, jeneza lake hufunikwa bendera na kupelekwa kanisani juu ya gari la boti, lile la magurudumu la kuibebea. Ubishi wa asubuhi hiyo ulikuwa mmoja: Nell alikuwa mtu wa boti, au hakuwa?

— Hakupanda boti hata siku moja, alisema Serahangi. Bendera ni ya waliokwenda baharini.

— Si inasemekana yeye ndiye aliyetoa wazo la kuivuta boti kupitia kilimani, ikashushwe majini upande wa pili? niliuliza. Usiku ule mawimbi yalikuwa yameziba mdomo wa bandari.

— Wazo lilitoka kwa ofisa wa jeshi, alisema Profesa. Wanajeshi wakavuta.

— Wanajeshi gani, bwana? Walikuwa wamekwama kwenye theluji huko njiani. Waliovuta ni farasi wa shambani.

— Farasi na theluji ile, Serahangi? Redio alicheka. Ninyi hamjui kitu. Aliyevuta ni fahali.

— Fahali?

— Fahali wa shamba la Hedley. Walimfunga kamba, akapanda kilima na boti nyuma kama anavuta kigari cha mtoto. Baba yangu alimwona kwa macho yake.

— Baba yako alikuwa ndani ya boti anatapika, alisema Serahangi.

— Alimwona kabla hajaanza kutapika.

— Sasa nakumbuka, alisema Profesa, ambaye dakika ile tu alikuwa upande wa jeshi. Goliathi. Aliitwa Goliathi.

— Naam, Goliathi, alisema Serahangi. Alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso.

Tukamsifu Goliathi kwa muda mrefu. Hatukuona kwamba Thora, mpwa wa Nell aliyetoka Leeds kuja kumuuguza na sasa kumzika, alikuwa amesimama pale shangazi yake alipozoea kusimama.

— Wazee, maziko ni Alhamisi, alisema. Nimekuja kumwombea shangazi bendera na gari la boti.

Serahangi alivua kofia. — Pole sana, mwanangu. Shangazi yako alikuwa mtu wa watu. Lakini bendera ni ya mabaharia. Si mimi niliyeweka utaratibu huo.

— Boti ilivutwa na Goliathi. Nimesikia.

— Ndivyo tulivyoambiwa, alisema Redio, sauti imepungua.

— Mimi nilikuwa namwogesha alipougua. Kovu la kamba lilikuwa bado begani. Aliniambia waliovuta ni wanawake.

— Nani kakataa? alisema Serahangi. Wanaume walikuwa vitani au botini. Wanawake walisaidia.

— Akina nani?

— Wanawake wa hapahapa.

— Mzee, fahali mnamjua kwa jina. Nauliza wao waliitwa nani.

Profesa aligeuka akakitazama kibao cha shaba, kisha akageuka tena mbele.

— Mama yangu alirudi alfajiri, alisema Serahangi. Sketi yake imeganda kama ubao. Akaisimamisha karibu na jiko, ikasimama yenyewe. Nikacheka, nilikuwa mtoto. Sikumuuliza alikotoka.

— Ni mmoja huyo, alisema Thora kwa upole. Wengine?

— Nell ndiye aliyewajua, alisema Profesa. Ingetosha kumuuliza Nell.

Kila siku alikuwa amesimama hapo na sinia.

Tulisogea tukampa Thora nafasi. Alishukuru, akabaki amesimama.

Serahangi alitoa ufunguo mfukoni, akaugeuzageuza kiganjani. Ndipo ikaamuliwa: Nell ataondoka na gari la boti, chini ya bendera, kwa njia ileile ya kilimani. Trekta linalolivuta siku zote litabaki bandani. Watakaovuta ni wanawake, kwa kamba.

Alhamisi ilinyesha. Kazi yetu wanaume ilikuwa kufungua milango ya banda. Serahangi alitandika bendera juu ya jeneza, akaomba naye ashike kamba. Mkewe akamwambia atembee nyuma na wenzake.

Waliovuta ni Thora Gair, aliyetangulia. Isa Dunnet, mke wa Serahangi. Peg Tate na binti yake Roslyn. Hannah Lowes wa duka la mikate. Dada wawili wa familia ya Stobbs, Edie na Wilma. Na Morag Purvis, aliyekuwa mjamzito na akakatazwa, asisikie.