Mguu wa Kushoto wa Verlyn Kucera

"Huyu mtu amekufa mbele ya macho yangu mara arobaini, na kila mara aliamka akaenda kunywa maji."

Hayo aliyasema kaka yangu Gaylen juzi jikoni, tulipokaa kuandika maneno haya ya kumuaga marehemu. Dada yetu Marlys, ambaye ndiye mjane, akamsogezea sahani ya kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki. "Kula, Gaylen. Mechi iliisha mwaka themanini na tisa." Kisha akanigeukia mimi. "Andika. Ila usimfanye malaika, watu wa hapa wanamjua."

Basi. Marehemu Verlyn Joseph Kucera alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, shambani nje kidogo ya Wilber, Nebraska, mtoto wa tatu wa Ernest na Libuse Kucera. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo alianza kulia kabla hajaguswa na mtu.

Alisoma hapa hapa Wilber, na mwaka 1986 akaingia chuo kusomea ualimu. Huko alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mikono, safu ya ulinzi, na huko ndiko alikopata sifa yake. Wapinzani wakicheza harakaharaka bila kuwapa walinzi nafasi ya kupumua, Verlyn alianguka akishika mguu wa kushoto. Mwamuzi anasimamisha mchezo, wenzake wanavuta pumzi, yeye anatoka akichechemea, nusu ya uwanja inamzomea.

Novemba 1989 walikutana na chuo cha Gaylen, naye Gaylen ndiye mrushaji wao, anayeongoza mashambulizi. Dakika za mwisho, Gaylen yuko karibu kabisa kufunga, Verlyn akaanguka. Mchezo ukasimama, kasi yao ikakatika, wakashindwa. Gaylen anaapa alimwona akichagua mahali pa kulala, kama mbwa.

Curt Sobotka, aliyecheza ubavuni mwa Verlyn siku ile na ambaye leo amekaa kiti cha mbele pale, anasimulia vingine. Yeye Curt alikuwa amegongwa kichwa, anaona waamuzi wawiliwawili, na hakutaka kutoka kwa sababu baba yake alikuwa anatazama. Daktari aliyekimbilia mguu wa Verlyn ndiye aliyemwona Curt anayumba, akamtoa. Verlyn alianguka kwa ajili ya ushindi au kwa ajili ya Curt? Hakuwahi kusema.

Jioni ile Marlys alimfuata Verlyn kumtukana kwa niaba ya kaka yake. Akarudi kachelewa na anacheka. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 8 Juni 1991.

Verlyn alifundisha historia na mpira kwenye sekondari yetu mpaka alipougua. Mchezaji wake akianguka kwa uongo, alimzungusha uwanja mpaka miguu yote miwili iume kweli. Mwaka huu vyuo vilipoweka sheria kwamba mchezaji akilala chini wakati mpira umeshawekwa tayari, timu yake inakatwa pumziko moja kati ya machache inayoruhusiwa kuomba, Gaylen alimpigia simu kumpa hongera. "Shemeji, wamekutungia sheria yako."

Verlyn hakucheka. "Imechelewa," alisema. "Mtoto akiumia kweli siku hizi, watu wanazomea. Tuliwafundisha sisi."

Saratani ya kongosho ilionekana mwezi Februari. Muuguzi alipomuuliza maumivu yakoje, alijibu, "Kidogo tu," na Gaylen, ambaye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kila wiki, akatoka kwenda kusimama barazani peke yake. Verlyn alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, mechi ikiendelea redioni.

Ameacha mke wake Marlys, watoto wake Brenna na Tate, mjukuu wake Odelia, dada yake Joleen, na mashemeji wawili, mmoja bado ana hasira.

Septemba tulimpeleka uwanjani kwa mara ya mwisho. Mechi ilipoisha Gaylen aliinama karibu naye, na safari hii hakuwa anatania. "Shemeji, niambie tu. Siku ile ulianguka kwa ajili ya Curt, au ulikuwa unanishinda mimi?"

Verlyn alikunja kiti chake, akamtupia Gaylen blanketi alibebe, akaanza kwenda garini akichechemea mguu wa kushoto. Alipofika getini akabadilisha, akachechemea wa kulia. Hakugeuka.

Alale salama. Leo hakuna anayezomea.