Pua ya Mtakatifu

Enora alikuwa hajakaa vizuri kwenye basi la Lannion, tayari ameshamfungulia kompyuta yake bibi aliyekaa kiti cha pembeni yake. "Bibi, tazama! Sanamu ya mti ya mtakatifu wetu wa kanisa la ufukweni. Tumempiga picha elfu mbili zikaunganishwa, sasa unamzungusha hivi mpaka kisogo unakiona. Hata mchwa wakimmaliza, humu ni mzima!"

Bibi Soazig akavaa miwani. "Mzima gani hana pua?"

"Si wasichana walikuwa wanamchoma sindano puani? Ikinasa, unaolewa mwaka huohuo. Wakaichoma mpaka ikaisha. Kesho anapelekwa makumbusho, basi atabaki hivyohivyo milele."

Bibi akafungua pochi. Akatoa kitambaa, na ndani yake kipande cheusi cha mti chenye vitundu kama chujio. "Haikuisha. Ilikatikia mkononi mwangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikachoma kwa pupa."

"Mama yangu! Mbona hukuirudisha?"

"Ningeirudisha vipi, na Fañch, mume wangu, kaja kuniposa wiki ileile? Niliogopa ataghairi. Januari tumemzika. Sasa hawezi."

"Dereva, simama!" Enora akapiga kelele. "Tunarudi kanisani, tumpige picha tena na pua yake!"

"Taratibu, binti. Wewe umeolewa?"

"Bado."

Bibi akachomoa sindano kwenye ukosi wa koti lake, akamnyooshea pamoja na ile pua. "Basi haraka ya kuigundisha ya nini?"

Basi likasimama, mlango ukafunguka, na Enora bado anaitazama sindano.